Sura ya Nne: Moshi Usio na Mwenyewe

Hewa kavu isiyo na uchafu ni mchanganyiko wa gesi ambao viwango vyake havitofautiani sana kutoka mahali hadi mahali: takriban asilimia 78 ni naitrojeni, asilimia 21 ni oksijeni, na sehemu ndogo inayobaki ni agoni pamoja na gesi nyingine chache, mojawapo ikiwa hewa ukaa, ambayo kiasi chake ni kama asilimia 0.04 tu. Uchafuzi wa hewa hutokea pale gesi, vumbi au matone madogo yanapoingia katika mchanganyiko huo kwa wingi unaoweza kudhuru afya ya watu, mifugo, mimea au majengo. Ufafanuzi huo ni mfupi, lakini umebeba jambo ambalo ni rahisi kulipita haraka, nalo ni kwamba hakuna kitu kilicho kichafuzi kwa jina lake peke yake. Kinachokifanya kiwe kichafuzi ni wingi wake, mahali kilipo na muda ambao kiumbe hai hukivuta.

Ukweli huo hudhihirika vizuri kando ya Ziwa Kivu. Katika mji wa Goma na vijiji vya ukingo wa kaskazini wa ziwa hilo, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ardhi hutoa hewa ukaa kupitia nyufa za miamba, na kwa kuwa gesi hiyo, kwa ujazo ule ule, ina uzito unaokaribia mara moja na nusu ya uzito wa hewa, usiku usio na upepo huteremka na kutuama mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Asubuhi hukutwa mbuzi au mbwa amekufa pasipo jeraha lolote, na mtu mzima aliyesimama ukingoni mwa shimo anaweza kupumua vizuri wakati mtoto aliyeinama hatua chache mbele yake anaishiwa pumzi. Wenyeji huita hali hiyo mazuku, na neno hilo la Kiswahili cha Kivu limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkano duniani bila kutafsiriwa. Gesi inayoua humo ndiyo ile ile ambayo mwili wa binadamu huitoa kila anaposhusha pumzi, na ambayo mhindi shambani hauwezi kuishi bila hiyo.

Mazuku yanaonyesha pia kwamba baadhi ya uchafuzi hautokani na mikono ya watu. Volkano za Kivu ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya asili vya salfa dioksaidi duniani, jangwa hurusha vumbi linalovuka bahari, na radi huwasha nyika. Hata hivyo volkano haiwezi kupewa leseni wala kutozwa faini, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya sura hii inahusu uchafuzi ambao chanzo chake ni kazi za watu, hasa kuchoma vitu: makaa ya mawe, mafuta, kuni, mkaa, mabaki ya mazao na taka.

Miongoni mwa vichafuzi vyote, vinavyoondoa maisha ya watu wengi zaidi ni chembechembe, yaani vipande vidogo mno vya masizi, majivu, vumbi na chumvi za kikemikali vinavyoelea hewani. Wataalamu huzigawa kwa ukubwa badala ya kuzigawa kwa asili, kwa kuwa ukubwa ndio unaoamua zitafika wapi mwilini. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 10, zinazoandikwa PM10, nyingi hunaswa puani na kooni, na mtu huzitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Zile zisizozidi mikromita 2.5, yaani PM2.5, ambazo zingehitaji kupangwa zaidi ya 20 ili zifikie unene wa unywele mmoja, hupita vizuizi vyote hivyo hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi kati yake huvuka kuta za vifuko hivyo na kuingia katika damu. Hapo ndipo ilipo sababu ya moshi kuleta maradhi ambayo watu wengi hawayahusishi nao. Macho kuwasha na kikohozi cha asubuhi kila mtu hujua vimetoka jikoni. Lakini mama wa miaka 55 anapopooza upande mmoja, jamaa watataja shinikizo la damu, mawazo, au husuda ya watu, na ni nadra sana mtu kutaja miaka 40 aliyopuliza kuni. Kiharusi na ugonjwa wa moyo, pamoja na magonjwa ya mapafu na kichomi cha watoto wachanga, ndivyo vinavyojaza hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya vifo vinavyokaribia milioni 7 kila mwaka vinavyohusishwa na hewa chafu ya nje na ya majumbani, na mwaka 2013 taasisi ya shirika hilo inayochunguza saratani iliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Gesi zina tabia nyingine. Kaboni monoksaidi, inayotoka pale kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo mtu hukosa hewa ilhali anapumua. Haina rangi wala harufu, na hila yake kubwa iko katika jiko la mkaa. Mkaa unapowashwa hutoa moshi unaoonekana, na mwenye nyumba huliweka jiko nje mpaka likolee. Mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, jiko huonekana salama, nalo huingizwa chumbani ili kufukuza baridi, milango ikafungwa na watu wakalala. Mkaa uliokolea, usio na moshi hata kidogo, huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na kila msimu wa baridi katika nyanda za juu familia nzima hukutwa hazikuamka. Kama kuna jambo moja la sura hii linalostahili kusimuliwa kwa jirani leo hii, basi ni hilo.

Salfa dioksaidi hutokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta yenye salfa, pamoja na kuyeyusha madini kama shaba. Hubana njia za hewa za wenye pumu na, ikichanganyika na unyevu wa angani, hurudi ardhini kama mvua ya asidi. Oksaidi za naitrojeni hutoka katika injini na matanuru kwa sababu joto kali huilazimisha naitrojeni ya hewa yenyewe kuungana na oksijeni. Vichafuzi hivi, pamoja na masizi, huitwa vya msingi kwa kuwa hutoka vikiwa vimekamilika kutoka kwenye chanzo chake, tofauti na vichafuzi vya upili, ambavyo hakuna bomba lolote linalovitoa, kwa kuwa huzaliwa angani. Mfano mkuu wa hivyo ni ozoni ya chini. Mapema katika miaka ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwasha macho ya wakazi wa Los Angeles ulitokana na mvuke wa petroli na oksaidi za naitrojeni kupikwa na jua. Ozoni iliyo juu sana angani huwakinga viumbe na miale mikali ya jua. Ile inayoundwa barabarani huunguza mapafu na majani ya mazao, na miji ya tropiki, yenye jua la mwaka mzima na magari yanayoongezeka, ina kila kiungo kinachohitajika kuitengeneza.

Sheria ya hewa kama ilivyo leo ilianza Uingereza, na jinsi ilivyoanza imeathiri kila sheria iliyoifuata, zikiwemo za Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 viwanda vilivyotengeneza magadi kwa ajili ya sabuni na kioo vilikuwa vikitoa asidi ya haidrokloriki iliyokausha miti na mazao kwa maili kadhaa, na mwaka 1863 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowataka wenye viwanda hivyo kunasa angalau asilimia 95 ya asidi hiyo kabla haijatoka. Mkaguzi mkuu wa kwanza aliyeteuliwa kuisimamia, mkemia Robert Angus Smith, ndiye aliyelieneza jina la mvua ya asidi kwa kitabu chake cha mwaka 1872. Mfumo huo ulifaa kwa sababu uchafu ulikuwa na dohani, dohani ilikuwa na kiwanda, na kiwanda kilikuwa na mwenye jina na anwani ambaye mkaguzi angeweza kumbishia hodi. Moshi wa namna hiyo unaweza kuitwa moshi wenye mwenyewe.

Moshi wa pili, usio na mwenyewe, ulibaki bila sheria ya maana kwa miaka 90 iliyofuata, mpaka ulipoua. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, tabaka la hewa yenye joto lilikaa juu ya London kama kifuniko cha sufuria, likazuia hewa baridi ya chini isipande, na moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani, vituo vya umeme na mamilioni ya meko ya majumbani ukajikusanya hadi watu wakashindwa kuona miguu yao wenyewe. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000, na uchambuzi wa baadaye ukaifikisha hesabu hiyo kwenye 12,000. Hali ya namna hiyo, ambayo wataalamu wa hali ya hewa huiita mgeuko wa jotoridi, hutokea popote penye bonde na usiku baridi, na ndiyo inayofanya moshi wa alfajiri katika miji mingi ya milimani uonekane kama blanketi lililotandazwa juu ya mapaa.

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956, iliyozaliwa na msiba huo, hutajwa sana kwa kupiga marufuku moshi mweusi, lakini kifungu chake chenye hekima kubwa zaidi hutajwa mara chache. Bunge lilitambua kwamba haliwezi kumpeleka mkaguzi kwenye kila meko, wala kumtoza faini mjane anayeota moto sebuleni, na kwa hiyo liliziruhusu halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi, na papo hapo likaamuru kwamba mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake arudishiwe angalau asilimia 70 ya gharama. Sheria iliingia nyumbani kwa mtu ikiwa na katazo mkono mmoja na fedha mkono wa pili. Katika historia yote ya udhibiti wa hewa hakuna somo linalozihusu nchi za Afrika Mashariki kwa ukaribu kuliko hilo, na ni jambo la kusikitisha kwamba nchi hizo ziliazima sehemu ya kwanza ya urithi huo, ya mkaguzi na dohani, zikaiacha ya pili.

Udhibiti wa siku hizi husimama juu ya aina mbili za viwango ambazo haifai kuchanganywa. Kiwango cha hewa ya mahali hueleza kichafuzi fulani kisizidi kiasi gani katika hewa ambayo watu huivuta, bila kujali kimetoka kwa nani. Kiwango cha utoaji hueleza bomba fulani, la kiwanda au la gari, lisitoe zaidi ya kiasi gani. Cha kwanza ni lengo, cha pili ni chombo cha kulifikia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha pendekezo lake la wastani wa mwaka wa PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, na kwa kipimo hicho karibu watu wote duniani, asilimia 99, huvuta hewa isiyokidhi pendekezo. Pendekezo hilo si sheria. Kila nchi hujiwekea yake, na hata nchi tajiri huweka idadi iliyo juu zaidi: Marekani iliamua mikrogramu 9 mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya umejiwekea 10 ifikapo mwaka 2030.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Kenya ina sheria ya mazingira ya mwaka 1999, iliyounda mamlaka ya NEMA, na mwaka 2014 ilitoa kanuni za ubora wa hewa. Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria inayohusu hewa peke yake. Kwenye karatasi mifumo hii inafanana: mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, kiwanda hupewa kibali chenye masharti, mkaguzi hupima, na anayekiuka huamriwa arekebishe, hutozwa faini au hufungiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi kwa kumpa kila mtu, katika ibara ya 42, haki ya mazingira safi, na kwa kumruhusu, katika ibara ya 70, kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Ibara hizo zilipimwa Mombasa. Mwaka 2007, pembeni mwa makazi ya Owino Uhuru, yenye watu wapatao 3,000, kilianza kazi kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, madini ambayo hata kwa kiasi kidogo huharibu ubongo wa mtoto unaokua. Moshi wake uliangukia mapaa ya mabati, na maji machafu yalipita katikati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu, na akaanza harakati zilizomfanya akamatwe na kushambuliwa, na baadaye, mwaka 2015, kutunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Huu ulikuwa moshi wenye mwenyewe kwa kila maana ya neno, wenye kiwanda, kibali na dohani inayoonekana kutoka barabarani, na bado ilichukua miaka 17 tangu tanuru kuwashwa hadi neno la mwisho la mahakama, muda ambao mtoto aliyezaliwa mwaka ule tanuru lilipowashwa alikuwa amekaribia kumaliza sekondari.

Ugumu mmoja unaodhoofisha usimamizi ni kwamba kisichopimwa hakiwezi kushitakiwa. Kituo kamili cha kupimia hewa kina gharama kubwa na huhitaji umeme usiokatika na mafundi wake, hivyo kwa muda mrefu miji mingi ya ukanda huu ilikuwa na viwango vya kisheria bila kifaa hata kimoja cha kuthibitisha kama vinafuatwa. Hapo ndipo kazi ya Chuo Kikuu cha Makerere ilipoleta badiliko la kweli. Mradi wake wa AirQo, ulioanza mwaka 2015, uliunda vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi, joto na umeme wa kusuasua, na baadhi vikafungwa kwenye bodaboda zinazozunguka mitaa ya Kampala, mahali ambapo moshi wenyewe upo. Vipimo hivyo hufanya kazi kwa kumulika mwanga na kuhesabu jinsi chembe zinavyoutawanya, na udhaifu wake ni kwamba asubuhi yenye ukungu huweza kuyahesabu matone ya maji kama masizi, hivyo lazima visahihishwe kwa kulinganishwa na kituo kamili. Pamoja na hayo, msomi, mwandishi wa habari au diwani mwenye takwimu za mtaa wake ana kitu cha kuweka mezani ambacho hakuwa nacho awali.

Magari yako katikati ya aina mbili za moshi zilizotajwa. Kila gari lina mwenyewe, lakini magari ni mengi mno kukaguliwa moja moja, na historia inaonyesha kwamba udhibiti uliofaulu zaidi haukufanyika barabarani, ulifanyika bandarini. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa kemikali ya risasi ili injini isigonge, na kila ekzosi ilinyunyiza madini hayo juu ya watoto wa mjini. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kuazimia kuiondoa, na ilipofika Januari 2006 ukanda wote huo ulikuwa umeacha kuuza petroli yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Salfa katika dizeli ilifuata njia hiyo hiyo. Januari 2015 Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilianza kwa pamoja kuagiza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika sehemu milioni. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mafuta yote ya nchi hizo yalipita katika milango michache, na kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa kimesitisha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, hivyo kilichobaki kilikuwa kubadili maneno ya zabuni ya ununuzi. Hakuna dereva aliyetozwa faini, na hakuna daladala lililosimamishwa.

Faida ya mafuta safi, hata hivyo, hukamilika pale tu gari lenyewe linapokuwa na kifaa cha kusafishia moshi. Kenya huzuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, lakini gari likishaingia huanza maisha ya pili ambayo sheria huyafuatilia kwa nadra: kichujio cha ekzosi hung'olewa kwa sababu kimeziba au kina madini ya kuuzika, pampu ya dizeli hufunguliwa ili gari livute zaidi mlimani, na moshi mweusi unaofuata huonekana kama sehemu ya kawaida ya usafiri.

Taka ndizo zinazoonyesha jinsi uchafu wa zamani unavyorudi kwa mlango mwingine. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na limeendelea kupokea taka miaka yote tangu hapo, na kama ilivyo katika madampo mengi yasiyofukiwa, moto huwaka ndani ya lundo mchana na usiku. Kila kaya isiyofikiwa na gari la taka huwasha Dandora yake ndogo nyuma ya nyumba jioni. Plastiki za aina ya mabomba na nyaya zinapoungua hutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka, pamoja na asidi ya haidrokloriki, yaani gesi ile ile ambayo Bunge la Uingereza liliiwekea mkaguzi mwaka 1863. Tofauti ni kwamba sasa haina dohani, na anayewasha kiberiti mara nyingi ni mtoto aliyetumwa.

Linabaki jiko, ambalo ndilo kubwa kuliko yote. Katika nyumba isiyo na matundu ya kutosha, moshi wa kuni huweza kufikisha chembe ndogo kwenye kiwango mara 100 ya kile kinachokubalika, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Takwimu hizo hupata sura mtu akitazama pishi moja. Mafiga matatu yamekaa kwenye kona, kuni zimenyeshewa jana, mpishi ameinama akipuliza, uso wake uko shubiri mbili kutoka kwenye moto, mtoto amefungwa mgongoni, na ukuta umekuwa mweusi kwa masizi yanayong'aa kama lami. Hakuna kiwango cha utoaji kilichoandikwa kwa ajili ya mafiga matatu, na wala kisingefaa kuandikwa, kwa sababu anayetoa uchafu na anayeumia ni mtu mmoja.

Tanzania imechukua hatua ambayo, kwa mantiki ya sura hii, ni ya kuvutia kwa pale ilipoanzia. Kabla ya kuzindua, Mei 2024, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100, kama vile shule, magereza na kambi, ziache kuni na mkaa. Katazo hilo lina mantiki, kwa kuwa jiko la shule ya bweni lina mkuu wa shule, bajeti na dohani. Ni moshi wenye mwenyewe, na mkaguzi anajua pa kwenda. Jiko la nyumbani haliwezi kufikiwa kwa amri. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya siku hiyo, wakati mtungi wa gesi wa kilo 6 hudai fedha zote kwa mara moja, na hivyo kaya ambayo kwa mwezi mzima hutumia kwenye mkaa fedha zinazotosha kujaza mtungi bado haiwezi kuujaza, kwa kuwa haijawahi kuwa nazo zote mkononi siku moja. Mita zinazoruhusu gesi kulipiwa kwa kiasi kidogo kidogo kwa simu zimeanza kuziba pengo hilo mijini.

Ugumu wa mwisho uko katika jinsi moshi unavyodhuru. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini nchini Malawi, uliohusisha zaidi ya watoto 10,000 na kuchapishwa mwaka 2016, ulizipa kaya majiko bora yenye feni, yanayochoma kuni kwa usafi zaidi, kisha ukalinganisha kichomi cha watoto wao na kile cha watoto wa kaya zilizoendelea na moto wa kawaida, na haukukuta tofauti. Moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba watoto wale waliendelea kuvuta moshi wa taka, wa tumbaku na wa meko mengine yaliyowazunguka. Maelezo mengine yanatokana na hesabu ya madhara yenyewe, ambayo hupanda kwa kasi kwenye viwango vya chini na kupunguza kasi kwenye viwango vya juu, kiasi kwamba mtu anayetoka kwenye moshi mwingi sana hadi moshi mwingi hapati nafuu anayoitarajia. Nafuu kubwa huja pale moshi unapokaribia kwisha.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini takwimu za kaya zenye mtungi wa gesi haziwezi kusomwa kama takwimu za kaya zilizoacha moshi. Katika nyumba nyingi za mijini mtungi na jiko la mkaa huishi pamoja: gesi huchemsha chai ya alfajiri, hukaanga mayai na kupasha kiporo, kwa kuwa ni ya haraka, na maharage, ambayo yanataka saa mbili au tatu za moto wa taratibu, hutengwa kwenye mkaa ili mtungi ufike mwisho wa mwezi. Jungu la umeme linaloivisha maharage hayo kwa shinikizo katika muda usiofika saa moja, kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani, limeanza kuuzwa madukani, na mahali lilipoingia, jiko la mkaa ndilo la kwanza kuhamishiwa uani.